Mifugo Ndiyo Ghala la Nchi Kavu

Wakulima wa Nyeri, Kisii au Kitale wanapozungumza habari za chakula, fikira zao huenda kwenye mahindi, maharagwe, viazi na ndizi. Si ajabu, maana nchi yao hupata mvua ya kutosha. Lakini mtu akiitazama ramani ya Kenya ataona kwamba yapata sehemu nne katika kila sehemu tano za nchi hii ni kavu au nusu kavu, na mvua yake ni haba wala haitegemeki. Ukipanda mahindi Wajir, Marsabit au Turkana pasipo maji ya mfereji, miaka mingi utavuna mabua matupu. Watu wa huko huishi kwa mifugo. Makala haya yataeleza jinsi mnyama anavyogeuka kuwa chakula, na kwa nini njaa huweza kuingia nyumbani hali zizi bado lina wanyama.

Kwanza yafaa kufahamu kazi ya mnyama mwenyewe. Mwanadamu hawezi kushiba kwa nyasi wala kwa majani ya mgunga. Lakini ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia ni wanyama wacheuao. Katika tumbo lao kubwa wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao huzivunja nyuzi ngumu za majani hata zikawa chakula cha kumpa mnyama nguvu, nyama na maziwa. Kwa njia hiyo mfugaji huvuna katika ardhi isiyokubali jembe. Wako wasemao kwamba ng'ombe huwanyang'anya watu chakula. Neno hilo lina ukweli katika nchi ambazo ng'ombe hulishwa nafaka, lakini halina maana yoyote katika malisho ya Samburu.

Zao la kwanza la zizi ni maziwa, na wayategemeao zaidi ni watoto. Mvua inapokosekana, maziwa ndiyo hupungua kwanza, kabla mnyama hata mmoja hajafa. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili hudhoofika mapema kuliko babaye. Hapo ndipo thamani ya ngamia huonekana. Ng'ombe asiponyweshwa kwa siku mbili au tatu huwa taabani, lakini ngamia huweza kukaa juma zima na zaidi bila maji, na bado akakamwa. Ndiyo sababu Wasamburu wengi, ambao babu zao waliwajali ng'ombe zaidi, siku hizi wanafuga ngamia pia. Tena maziwa ya ngamia yamekuwa biashara: huko Isiolo wanawake huyakusanya na kuyapeleka kwa basi mpaka Eastleigh, Nairobi, nao hurudi na fedha za kununulia unga na kulipia karo.

BEI YA MBUZI NA BEI YA MAHINDI

Watu wa mjini hudhani kwamba mfugaji hula nyama kila siku. Sivyo hata kidogo. Nyama ya mbuzi mmoja hailishi jamaa ya watu sita kwa muda mrefu. Mbuzi huyo akiuzwa sokoni, fedha zake hununua unga wa siku nyingi. Kwa hiyo katika nchi kavu mbuzi wengi hufika chunguni kwa jina la mahindi, na jambo kubwa kwa mfugaji si hesabu ya wanyama tu, bali ni kiasi gani cha nafaka mnyama mmoja aweza kununua.

Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme kwamba katika mwaka mwema mbuzi aliyenona huuzwa kwa shilingi 6,000, na gunia la mahindi la kilo 90 ni shilingi 3,000. Mbuzi mmoja atanunua magunia mawili. Sasa mvua ikose. Malisho hukauka, mbuzi hukonda, na kila mwenye mifugo hukimbilia soko siku zile zile. Wauzaji huwa wengi na wanunuzi wachache, bei ikashuka hata shilingi 2,000. Wakati huo huo mashamba ya nchi ya juu nayo yamevuna kidogo, na gunia limepanda mpaka shilingi 6,000. Sasa yatakiwa mbuzi watatu kununua gunia moja. Mwenye mbuzi 30, ambaye jana alikuwa na magunia 60 zizini mwake, leo ana magunia 10, na hakuna mbuzi hata mmoja aliyekufa wala kuibwa. Ghala lake limepunguzwa na soko.

Mambo kama hayo ndiyo yaliyoipata kaskazini ya Kenya katika ukame mkuu wa hivi karibuni. Tangu vuli ya mwaka 2020 hata vuli ya mwaka 2022 mvua za misimu mitano mfululizo hazikunyesha ipasavyo. Mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa, na watu zaidi ya milioni 4 wakahitaji msaada wa chakula. Maduka ya Wajir na Moyale hayakuwa matupu. Unga ulikuwapo rafuni, lakini mifupa ya ng'ombe iliyotapakaa njiani haikuweza kuununua.

KWA NINI HAWAUZI MAPEMA?

Msomaji atauliza: Ikiwa ni hivyo, mbona wafugaji hawauzi kabla ukame haujafika? Swali hili limeulizwa tangu zamani, na mara nyingi limeulizwa kwa dharau. Jawabu lake ni hili. Ng'ombe huchukua mimba miezi tisa na huzaa ndama mmoja, na katika nchi kavu mtamba huweza kufikia miaka minne ndipo azae mara ya kwanza. Mtu aliyebakiwa na majike watatu baada ya ukame atangoja miaka mingi kabla ya kuwa na kundi la kumlisha. Aliyebakiwa na kumi na watano atainuka upesi zaidi. Kwa hiyo wingi wa mifugo, unaoitwa majivuno na watu wasioujua, ni akiba ya kuanzia upya. Tena mwenye kuuza hana mahali karibu pa kuziweka fedha zake, na mnunuzi huenda hafiki kijijini mpaka wanyama wamekwisha kukonda.

Iko na sababu nyingine, nayo ni kumbukumbu. Mwaka wa 1938 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba wa Machakos kupunguza ng'ombe wao, ikisema kwamba ardhi yao inaharibika. Ng'ombe walichukuliwa wakauzwa kwa bei duni. Wakamba waliandamana mpaka Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakapiga kambi huko wakitaka Gavana awasikilize. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini amri ya kuuza kwa lazima iliachwa. Ardhi kweli ilikuwa ikimomonyoka. Ila shauri lililoletwa na askari halikuweza kusikika kuwa shauri. Mtu anayekwenda leo kuwahimiza wafugaji wauze hana budi kulijua jambo hilo, la sivyo atashangaa kwa nini wazee wanamsikiliza kimya kisha wanakwenda zao.

Lililo jema ni kuchagua. Madume yasiyotakiwa kwa mbegu, maksai, na majike yaliyozeeka hayaongezi kundi. Wanyama hao wauzwe mwishoni mwa mvua, wakati wangali wamenona na malisho yaliyobaki hayajagombaniwa. Majike machanga yaachwe. Anayefanya hivyo hutunza mbegu ya kundi lake, na nyasi aliyoiokoa huliwa na wale watakaozaa.

Iko pia njia ya bima, ambayo ilianza kujaribiwa Marsabit mwaka wa 2010 na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliyoko Nairobi. Tangu 2015 Serikali ya Kenya nayo iliianzisha katika Turkana na Wajir kwa kuwalipia ada wafugaji wenye mifugo michache. Hakuna mtu aendaye kuhesabu mizoga. Setilaiti hutazama kutoka angani jinsi nchi ilivyo ya kijani, na malisho ya eneo yakipungua kupita kiasi kilichowekwa, wenye bima wa eneo hilo hulipwa. Uzuri wake ni kwamba fedha zaweza kufika wakati mnyama yu hai, zikanunua majani makavu na maji. Ubaya wake hausemwi vya kutosha: setilaiti hupima eneo zima, haipimi zizi la mtu. Waweza kupoteza ng'ombe kumi usilipwe kitu, kwa kuwa ng'ambo ya mlima mvua ilinyesha. Heri mfugaji aelezwe hivyo kabla hajatia kidole gumba chake kwenye karatasi.

MARADHI BAADA YA UKAME

Zizi likinusurika ukame, bado lina adui mwingine, maana wanyama dhaifu hukusanyika kwenye visima vichache na kuambukizana. Wazee wa Kimasai walihadithiwa na baba zao habari za sotoka, ugonjwa ulioingia Pembe ya Afrika yapata mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli, ukaenea Afrika Mashariki kufikia mwaka 1891. Ng'ombe walikufa karibu wote, kisha watu wakafa kwa njaa na ndui. Ilichukua zaidi ya miaka mia kuushinda. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Muguga karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo njema isiyo ghali. Mara ya mwisho sotoka ilionekana mwaka wa 2001, katika nyati wa Mbuga ya Meru. Na mwaka wa 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani. Ndui peke yake ndiyo iliyotangulia kufutwa hivyo.

Lakini iko ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyogunduliwa Turkana mwaka wa 2006. Dalili zake ni homa, machozi na makamasi mazito, vidonda mdomoni na kuhara, na wanambuzi hufa kwa wingi. Mataifa yameazimia kuifuta kufikia mwaka 2030. Chanjo ipo, na mbuzi aliyechanjwa mara moja hukingwa kwa miaka mitatu au zaidi. Taabu ni kwamba mbuzi huzaa upesi: kundi lililochanjwa lote mwaka huu, mwaka ujao litakuwa na wanambuzi wengi wasio na kinga. Kwa hiyo wachanjaji hawana budi kurudi, na mwenye mbuzi aliyehamia malisho ya mbali yampasa kumpelekea habari afisa wa mifugo wa huko aliko, asingoje mpaka makamasi yaonekane.