Kutembea Ndani ya Mchezo: Vilima Vilivyojengwa kwa Pembetatu

Katika miaka ya 1990 michezo ya video ilichezwa kwa mashine maalumu iliyounganishwa na televisheni, au kwa kompyuta. Mchezo uligawanywa katika hatua, na kila hatua ilikuwa na mahali pake: ngome, bonde, au mlima wa theluji. Mchezaji alipita pale tu aliporuhusiwa na watungaji. Siku hizi mahali hapo pa kale paweza kufunguliwa katika kivinjari, yaani programu ileile itumiwayo kusomea kurasa za intaneti. Mtazamaji huruka juu ya mapaa kama ndege, hupenya kuta, na hata kushuka chini ya ardhi. Makala hii inakusudia kueleza jinsi jambo hili linavyowezekana, na kuonyesha kwamba kanuni hizohizo hutumika kuchora vilima vya wilaya za Ngara na Biharamulo.

Mlima ni orodha ya namba

Kompyuta haihifadhi mlima. Huhifadhi orodha ya nukta, na kila nukta imeandikwa kwa namba tatu: umbali wa kwenda kulia, umbali wa kwenda mbele, na kimo. Nukta tatu zikiunganishwa hupatikana pembetatu. Umbo hili limependelewa kwa sababu nukta tatu zisizo katika mstari mmoja daima hulala katika bapa moja, lakini ya nne yaweza kutoka nje ya bapa hilo. Ndiyo maana kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu, ilhali meza ya miguu minne huyumba. Juu ya pembetatu hubandikwa picha ndogo za majani, mawe au maji, na jicho huamini kwamba linaona kilima.

Kila mtazamaji anaposogea, kompyuta hukokotoa upya mahali pa kila nukta kwenye kioo, mara 30 au 60 kwa sekunde. Mwaka 2011 ilitolewa kanuni iitwayo WebGL, iliyoviwezesha vivinjari kutumia chombo cha kuchorea kilichomo ndani ya kompyuta bila kuongeza programu nyingine. Tangu hapo hatua za michezo ya kale zimeweza kutembelewa hata na mtu asiyekuwa na mashine ya zamani.

Ubahili wa watungaji

Mchezo wa Super Mario 64, uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1996, uliingia wote katika kaseti yenye nafasi ya megabaiti 8. Katika nafasi hiyo ndogo hapakujengwa kitu bure. Pembetatu huwa na uso na mgongo, na katika michezo mingi uso peke yake ndio uchorwao. Kwa hiyo mtazamaji akishuka chini ya ardhi na kuangalia juu, mlima hutoweka, na mbingu huonekana pale ulipokuwa. Nyumba iliyokusudiwa kuonekana kwa mbele yaweza kukosa ukuta wa nyuma. Hata ukungu, mara nyingi, uliwekwa ili kuficha mpaka ambapo mashine ilikoma kuchora.

Mchezo wa Doom, wa mwaka 1993, ulikuwa na ubahili wa namna nyingine. Ramani yake ilikuwa mchoro wa kutazamwa kutoka juu, kama ule anaoutumia mwashi, na kila eneo lilipewa kimo kimoja cha sakafu na kimo kimoja cha dari. Hivyo haikuwezekana kujenga chumba juu ya chumba kingine.

Vilima vya Ngara katika kioo

Mwezi Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11, kikipima kwa rada vimo vya nchi kavu. Vipimo hivyo hutolewa bure, katika vipande vya digrii moja kwa digrii moja. Mji wa Ngara umo katika kipande kilicho kati ya latitudo 2 na 3 kusini, na longitudo 30 na 31 mashariki. Mji wa Biharamulo umo katika kipande kinachofuata upande wa mashariki.

Katika vipimo vya kina zaidi, kila kipande kina safu 3,601, na kila safu ina nukta 3,601 zilizoachana kwa meta 30 hivi. Jumla ni nukta 12,967,201. Miraba iliyo kati yake ni 12,960,000, na kila mraba ukikatwa kwa ulalo hutoa pembetatu mbili. Basi kipande kizima kina pembetatu 25,920,000. Kila kimo huandikwa kwa baiti mbili. Hivyo vimo vya kipande cha Ngara peke yake huhitaji megabaiti 25 hivi, yaani zaidi ya mara tatu ya kaseti nzima ya Super Mario 64.

Hata hivyo, wingi huo hauna maana kwamba kila kitu kimo. Maporomoko ya Rusumo, katika Mto Kagera mpakani mwa Ngara na Rwanda, kwa asili yake yana kimo cha meta 15 hivi. Kwa kuwa nukta zimeachana meta 30, poromoko hugeuka kuwa mteremko mdogo tu. Kadhalika, kila nukta ina kimo kimoja, kama sakafu ya Doom. Daraja la Rusumo na mto upitao chini yake haviwezi kuandikwa vyote viwili mahali pamoja. Na penye msitu mnene, rada mara nyingi ilirudishwa na matawi kabla ya kufika ardhini, na kilima kikaongezewa kimo cha miti.

Katika mchezo, ukuta usiokuwapo ni hila isiyomdhuru mtu. Katika ramani ya wilaya, jambo lisiloandikwa laweza kumpotosha anayepanga barabara au bomba la maji. Mwanafunzi aliyeuzunguka mlima wa mchezo na kuona kwamba hauna mgongo atajifunza kuhoji kila picha ya kompyuta: nukta hizi zilipimwa wapi, na kati yake kuna nini?

Zoezi la darasani

Shule isiyo na kompyuta yaweza kufanya kazi hii kwa karatasi. Ichukuliwe ramani ya kontua yenye kipimo cha 1:50,000, na ichorwe miraba minne kwa minne, kila mmoja wa sentimeta 2, yaani kilometa 1. Patakuwa na nukta 25 na pembetatu 32. Wanafunzi wakadirie kimo cha kila nukta kutoka kwenye kontua. Juu ya ubao miraba ikuzwe iwe ya sentimeta 10, na vijiti visimamishwe penye nukta, sentimeta 1 kwa kila meta 100 juu ya nukta iliyo chini kuliko zote. Vichwa vya vijiti viunganishwe kwa uzi.

Kisha darasa liende kwenye kilima chenyewe pamoja na kielelezo hicho, na liandike yote yaliyoachwa na pembetatu 32: korongo, jabali, chemchemi, njia ya miguu. Orodha hiyo ndiyo matokeo ya zoezi.