Mbali si Kuachana: Neno la Kiingereza Lililomponza Binti Yetu

Mwezi uliopita mtoto wa ndugu yangu alinipigia simu usiku, sauti imemkauka. Yeye yuko hapa Maskati na watoto wawili. Mumewe anafanya kazi Leicester, Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Alijaza fomu ya viza ili amfuate, na sasa ameletewa swali: mbona umeandika kwamba ndoa yenu imetengana, na papo hapo unataka kwenda kuishi naye?

"Ami, si kweli tuko mbalimbali? Yeye kule, mimi huku!"

Nikamwambia anisomee alichojaza. Kwenye hali ya ndoa aliliacha "married", akachagua "separated".

Neno "separate" lenyewe halina ubaya. Ni kitu kilicho peke yake, hakikuchanganywa na kingine. Wageni mkiwalaza vyumba mbalimbali, hivyo ni vyumba "separate". Mkahawani kila mtu akitaka kulipa chake, mwaomba bili "separate". Lakini litie "d" mwisho, ulivike mume na mke, na mambo yanageuka. "Separated" ni wanandoa walioacha kuishi kama mume na mke kwa kuwa ndoa imeharibika, ila talaka haijatoka. Umbali wa safari haumo. Baharia akikaa miezi tisa baharini, mkewe bado ni "married".

Simlaumu. "Kutengana" kwetu hubeba yote mawili: waliotenganishwa na riziki, na waliogombana kila mtu akarudi kwao. Anayesikiliza huelewa kwa mazungumzo yenyewe. Fomu haina masikio.

Nikajilaumu mimi. Nilisoma sekondari ya misheni, mtoto wa Kiarabu mbele ya mapadri, na neno hili walitukaririsha hasa: katikati ni "a", si "e", kwa sababu limetoka kwenye Kilatini, separare. (Waingereza wenyewe hulikosea kila siku.) Likiwa kivumishi hutamkwa "sepret", likiwa kitenzi "separeit". Nami nikayasomesha hayo hayo mpaka nikastaafu, maana ndiyo yaliyokuwa yakija kwenye mtihani. La ndoa sikuwahi kulisomesha hata siku moja, na familia zetu ndivyo zinavyoishi: baba Dubai, mama Unguja, mtoto Toronto.

Tumeandika barua ya maelezo kwamba ni kosa la lugha. Tumeambatanisha cheti cha ndoa, risiti za pesa anazotuma mumewe kila mwezi, na tiketi zake za likizo mbili alizokuja hapa. Ukiwa na shaka na kisanduku kama hicho, muulize mtu kabla hujabonyeza. Hata mimi niulize.

Mumewe alipopata habari alimpigia simu kucheka: "Kumbe umeniacha, hata hukunambia?" Binti hakucheka. Majibu tunayasubiri bado.