Moto, uji na mama aliyejifungua Keringet

Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Mau na kufunika mashamba ya viazi na majani chai, nyumba yenye mzazi huko Keringet utaitambua kwa moshi. Moto wa jikoni hauzimwi. Sufuria ya uji wa wimbi iko kwenye mafiga, supu ya mifupa inatokota pembeni, na sotet, kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, kimeegemezwa ukutani. Mama ameketi karibu na moto, mtoto kifuani, blanketi mbili begani. Kogo, nyanya wa mtoto, ndiye msimamizi: maji baridi yasiguswe, nguo zisifuliwe, mlango usifunguliwe ovyo.

Imani kwamba uzazi humwachia mwanamke baridi mwilini si ya Wakipsigis wa huku peke yao. Watamil wa kusini mwa India wanayo katika Siddha, tiba yao ya jadi ambayo serikali ya India inaitambua na kuifundisha. Taasisi ya Taifa ya Siddha iko Chennai. Waganga wake husema mwili unaongozwa na nguvu tatu, vatham, pitham na kapham, na kwamba kujifungua huivuruga vatham, yenye asili ya upepo na ubaridi. Kwa hiyo mzazi huogeshwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, hukandwa kwa mafuta ya ufuta, kisha hulishwa lehiyam: tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu, vikapondwa na kupikwa na sukari guru na samli hadi vishikane kama halua. Mama wa Mombasa akisikia hayo atakumbuka arobaini yake mwenyewe, alivyokandwa kwa maji moto, akafungwa tumbo kwa leso na kunyweshwa uji wa pilipili manga.

Mimi ni mkunga, na nawaheshimu wazee waliotunza desturi hizi. Zimempa mwanamke kitu ambacho hospitali haiwezi kumpa: wiki kadhaa za kulala, kulishwa na kutobeba mtungi. Anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kila siku, na bakuli la uji wa wimbi lenye maziwa ni mwanzo mzuri kuliko chai ya rangi na mkate. Tangawizi ya mapishi haina ubaya. Lakini Siddha ina pia dawa zinazotengenezwa kwa madini, zebaki ikiwemo, na hizo anayenyonyesha asiziguse. Hata mizizi inayotiwa kwenye supu huku kwetu, asiyeijua jina na kipimo chake asimpe mzazi. Mtoto naye asionjeshwe chochote. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu.

Mursik nao una mambo yake. Kijiti cha senetwet huchomwa kikawa kaa, kisha kaa hilo husuguliwa ndani ya sotet kwa ufito hadi kuta zote ziwe nyeusi. Ndipo maziwa hutiwa na kuachwa yagande. Maziwa yachemshwe kwanza na kupozwa, kwa sababu maziwa mabichi hubeba brusela, ugonjwa unaomwachia mtu homa na maumivu ya viungo kwa miezi. Na vidonge vya kuongeza damu visimezwe pamoja na mursik wala chai. Kalsiamu ya maziwa na tanini ya majani chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Acha saa mbili zipite, umeze kwa maji, na mboga iwe managu au sageti yenye ndimu.

Joto lenyewe ni la haki. Keringet iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtoto mchanga hupoa upesi. Shida yangu ni moshi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua mama na mtoto usingizini, na moshi wa kuni huumiza mapafu ambayo hayajamaliza wiki duniani. Mtoto awekwe uchi kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, nepi chini, blanketi juu ya wote wawili. Kifua cha mama hakitoi moshi.

Linalonikosesha usingizi ni damu. Nimesikia mara nyingi, kwa sauti ya upole kabisa: “Acha itoke, ni damu chafu.” Mji wa mimba ukishindwa kukaza baada ya kondo kutoka, mishipa hubaki wazi, na mwanamke anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kutokwa na damu ndiko kunakoongoza kuua wazazi duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha hospitali karibu 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na wanawake zaidi ya 200,000, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa mfuko wenye alama badala ya kukadiriwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja papo hapo, madhara makubwa hupungua kwa asilimia 60. Macho hudanganya, hata ya mkunga.

Nyumbani hakuna mfuko wenye alama, ila kuna pedi. Ikilowa chepechepe ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge makubwa, au mama akiona kizunguzungu, safari ni wakati huo. Vivyo hivyo akipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kikali kinachotia macho giza, au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Huenda damu imeganda ndani ya mguu huo, ndiyo sababu namtaka mzazi aliyepumzika atembee kidogo ndani ya nyumba kila siku.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae kituoni saa 24 baada ya kujifungua, kisha aonwe kati ya siku ya pili na ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Kogo aende naye. Ndiye anayelala chumba kimoja na mzazi, ndiye anayefua vitambaa, kwa hiyo ndiye atakayeiona damu kwanza. Na kabla hata uchungu haujaanza, namba ya mwenye gari iandikwe kwenye jalada la kijitabu cha mama na mtoto, maana mvua ya usiku ikinyesha huku, pikipiki haipandi mlima.