Chama cha Mpira na Mji Wake

Hapana mtoto wa Pemba asiyejua mpira. Akikosa wa kununua, hukusanya matambara, akayafunga kwa kamba, na mchezo ukaanza chini ya mikarafuu. Hata jina lake tumelitwaa katika mti: mpira ni ule utomvu mzito unaogandishwa. Lakini si wengi wajuao mchezo huu ulitoka wapi, wala kwa nini mji mzima huweza kulia au kucheka kwa ajili ya watu kumi na mmoja.

Zamani huko Uingereza kila skuli ilicheza mpira kwa sheria zake. Mwaka 1863 watu wa vyama mbalimbali walikutana London ili waandike sheria moja. Hawakupatana. Wengine walitaka mchezaji aruhusiwe kuukumbatia mpira na kukimbia nao, na kumpiga mwenzake mateke ya miguu, wengine walikataa. Basi wakaachana. Waliokataa ndio wenye mchezo wetu huu. Wale wengine walifanya umoja wao mwaka 1871, na mchezo wao huitwa raga, kwa jina la skuli ya Rugby. Mpira wa raga umechongoka kama yai, na wachezaji wa kila upande ni kumi na watano.

Wamisionari wa Universities' Mission walifika Unguja mwaka 1864, na baadaye wakaweka chuo Kiungani, nje ya mji. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Pamoja na vitabu walifundishwa mpira, nao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuucheza katika Visiwa hivi. Fikirini jambo hilo: mtoto aliyetiwa bei kama mzigo, asiye na mji wala ukoo, alisimama uwanjani pamoja na wenzake kumi, akawa mmoja wao.

Raga nayo ilishika sana katika nchi ya Wales, kwenye miji midogo ya wachimba makaa na wafua vyuma. Mmoja wa miji hiyo ni Llanelli, uliosifika kwa kutengeneza mabati, hata sufuria ziliwekwa juu ya nguzo za lango la uwanja wake ziwe alama ya mji. Tarehe 31 Oktoba 1972 chama cha mji huo kilikutana na New Zealand, mabingwa walioogopwa dunia nzima. Wachezaji wa Llanelli hawakuwa wakilipwa. Walikuwa watu wa kazi, na aliyewafunza, Carwyn James, alikuwa mwalimu wa chuo. Mchezo ulipokwisha, Llanelli walikuwa na alama 9, na wageni 3. Hata leo wazee wa huko huwasimulia wajukuu wao habari hiyo.

Sisi nasi tunayo ya kusimulia. Mwaka 1995 Zanzibar ilitwaa kombe la mataifa ya Afrika Mashariki na Kati. Machi 2017 Shirikisho la Mpira la Afrika lilitupokea kuwa mwanachama kamili. Julai mwaka ule ule likatutoa, likisema kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Jambo hilo liliwauma watu wengi. Wachezaji hawakujibu kwa maneno. Desemba ile ile walikwenda Kenya, wakafika mchezo wa mwisho, wakatoka sare ya mabao 2 kwa 2, wakashindwa kwa mikwaju ya penalti tu. Kisha Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa kwetu Pemba, katika uwanja wa Gombani, Chake Chake. Tarehe 13 Zanzibar iliifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1.

Basi, wanafunzi, chama cha mpira si jezi wala kombe. Ni watu waliokubali kushika sheria moja, kumtii nahodha na mwamuzi, na kutoa kila mmoja ada yake ijapokuwa ni ndogo. Kombe huweza kwenda kwa wengine mwakani. Jina la mji halitwaliwi na mtu, wala shirikisho haliwezi kulifuta, maadamu wapo vijana wa kulichezea na wazee wa kulikumbuka. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.