Tela Likikwama Njiani, Nani Atakuja?

Ndugu Wanachama,

Safari hii siandiki habari za miche wala za kuanika. Naandika habari ya fedha zenu, na ya kosa lililofanywa na mkono wangu mimi Katibu wenu. Nimeona ni bora mlisome hapa kuliko kulisikia barazani likiwa limeongezwa chumvi.

Mnakumbuka kwamba Chama kiliwatuma watu wanne kwenda Kigoma kutazama vitalu vya michikichi, tujifunze namna wenzetu wa kule wanavyotunza miche yao. Tulivuka bahari na motokaa ya Chama, na nyuma yake tulifunga tela lenye mahema, vyombo vya kupikia na mizigo yetu. Kwenda, tulifika salama. Tuliona vitalu, tukatembea Ujiji, na mwenzetu mmoja ambaye babu yake alitoka huko akakutana na jamaa zake ambao hajapata kuwaona. Siku ya kurudi tulipakia madumu ya mawese na magunia ya dagaa, tukashika njia.

Tulipokwisha kupita Uvinza, kabla hatujafika Malagarasi, yapata saa kumi za alasiri, dereva alitazama kioo akaona moshi. Tulisimama. Gurudumu la kushoto la tela lilikuwa moto hata haligusiki. Beringi zilikuwa zimekauka grisi na kusagika. Tela lile lilikuwa limekaa bandani msimu mzima wa kuchuma, na hapana aliyelifungua kulitazama.

Sikuwa na hofu sana, maana mfukoni nilikuwa na karatasi ya bima. Nikapanda mwinuko kutafuta mtandao, nikapiga simu. Karani alinijibu kwa adabu, lakini jibu lake lilikuwa chungu. Alisema, kwanza, bima ile ni ya ajali, na beringi kusagika si ajali. Pili, namba iliyoandikwa katika hati ni ya motokaa, na tela halimo. Nikamwuliza habari ya ule msaada wa njiani niliouongezea ada kidogo. Akanisomea: gari la kuvuta hutoka katika mji wenye wakala, na haliendi mbali zaidi ya kilomita 50. Wakala wa karibu yetu alikuwa Tabora.

Basi tulibaki. Mzee mmoja wa Kamati aliyekuwa pamoja nasi hutumia dawa ya sukari inayotaka kuwekwa mahali pa baridi, na barafu ndani ya sanduku lake isingefika alfajiri. Tulisimamisha lori la chumvi, dereva wake akakubali kumrudisha mzee Uvinza pamoja na dawa yake, na mwenzetu mmoja akafuatana naye. Dereva wetu na mimi tulilala kando ya tela. Siku ya pili fundi alikuja na beringi zilizotoka Kigoma mjini. Kwa fundi, vipuri, nauli na malazi, tulilipa shilingi 420,000, nazo zilitoka katika fungu la kununulia majamvi mapya. Msimu ujao tukianika juu ya majamvi yaliyotoboka, mjue sababu.

Mzee hakudhurika, na fedha zitarudi. Lakini nilijiuliza: nilinunua nini hasa? Nimekaa nikazisoma hati moja moja, nikawauliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata.

KARATASI TATU, KAZI TATU

Watu wengi wetu husema, "Motokaa yangu ina bima," kana kwamba bima ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

Iko bima ndogo, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Hiyo humlinda mtu mwingine utakayemdhuru kwa gari lako. Wewe mwenyewe na gari lako haikuhusu. Ukiwa na bima ndogo peke yake, gari likikufia porini utalikokota kwa fedha zako.

Iko bima kubwa. Hiyo hulipa gari lako likigongwa, likipinduka, likiungua au likiibwa. Baada ya ajali, kwa desturi, hulipa pia gharama za kuliondoa gari hadi kwa fundi aliye karibu, kwa kiasi kilichoandikwa. Lakini karibu kila hati ya bima kubwa ina ukurasa wa mambo yasiyolipwa, na humo mtakuta maneno ya namna hii: kuharibika kwa mashine, kuharibika kwa umeme wa gari, kuchakaa, na mpira kupasuka peke yake. Beringi yetu ilikuwa humo. Ukurasa huo huwa nyuma, kwa herufi ndogo, nami sikuufikia.

Na iko karatasi ya tatu, nayo ni mkataba wa msaada wa njiani. Huu ndio unaohusu gari lililokufa bila ya ajali: betri imelala, mafuta yamekwisha, funguo zimefungiwa ndani, mpira umepasuka, gari linataka kuvutwa. Mara nyingine huuzwa peke yake, mara nyingine hubandikwa juu ya bima kubwa kwa ada ndogo. Ukibandikwa hivyo, watu huupokea kama nyongeza ya sokoni, hawauangalii. Nami nilikuwa mmoja wao.

TELA NI GARI LA PILI

Hapa ndipo penye shimo ambalo wengi hutumbukia. Tela lina magurudumu yake, lina namba yake, na mbele ya bima ni chombo mbali. Kulifunga nyuma ya motokaa yenye bima hakulipi bima, kama vile mtu asiye na tiketi hapandi meli kwa kumshika mkono mwenye tiketi.

Jambo hili si la kwetu tu. Uingereza, ambako chama cha wenye magari cha AA kilianza mwaka 1905, watu wengi huvuta nyumba ndogo za magurudumu wakienda mapumzikoni. Huko mikataba ya msaada huweka mpaka wa uzito na urefu wa kile kinachovutwa. Ukiuzidi, mvutaji hana wajibu nawe. Marekani, chama cha AAA, kilichoanza mwaka 1902, huuza msaada wa motokaa kwa ada moja, na anayevuta nyumba ya magurudumu hutakiwa kuongeza ada nyingine ili nayo iingie. Asiyeongeza, gari la msaada likija litachukua motokaa na kuiacha nyumba yake barabarani. Kama hayo huwapata watu wenye barabara za lami na mafundi kila mji, sisi tunaokwenda hadi Ziwa Tanganyika tutahadhari zaidi.

Tena mzigo ulio ndani ya tela ni jambo la tatu. Madumu yetu ya mawese hayakuwa katika bima ya motokaa wala yasingekuwa katika bima ya tela. Mali inayosafirishwa ina bima yake. Na ukizidisha uzito kupita kiasi cha tela, unampa mwenye bima sababu nzuri ya kukunyima.

NJIA YA KIGOMA NA MASWALI YAKE

Njia ya Ujiji si ngeni kwa watu wa visiwani. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika ziwani Februari 1858. Miezi hiyo yote mzigo ulikuwa juu ya mabega ya wapagazi, na mpagazi akiugua, mzigo wake ulitaka bega jingine papo hapo. Siku hizi safari ni ya siku mbili tatu, lakini swali ni lile lile: mchukuzi akianguka, nani atachukua?

Kutoka Dodoma hadi Kigoma miji ni michache na imeachana mbali. Ukitoka Tabora kuelekea magharibi unakwenda mwendo mrefu wa pori na mbuga, unavuka Mto Malagarasi, ndipo uione Uvinza. Na kutoka Uvinza hadi Kigoma bado kama kilomita 100. Huko ziwani nako, mbali na barabara kubwa, vijia vya kushukia pwani ni vya mchanga na mteremko. Tela likizama mchangani karibu na maji, mikataba mingi husema hapo si barabarani, na gari la kuvuta haliji. Pengine pa ziwani, kama Gombe, hapafikiki kwa gari hata kidogo. Huenda mtu kwa boti na kuliacha gari mjini.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, muulizeni muuzaji maswali haya, na majibu yaandikwe katika hati. Ahadi ya mdomo ya karani haivuki bahari.

1. Je, namba ya tela imeandikwa, au ni ya motokaa tu?

2. Je, mnakuja kwa gari lililoharibika, au kwa lililopata ajali peke yake?

3. Gari la kuvuta linatoka mji gani, na linafika umbali gani? Mtajieni mahali: Uvinza, Kaliua, Kasulu. Akisema "nchi nzima", mwambieni aandike.

4. Likija, linavuta vyote viwili, au motokaa peke yake?

5. Linatupeleka wapi? Kwa fundi wa karibu, au tunakotaka sisi? Na kilomita zinazozidi ni kiasi gani?

6. Gari la namba ya Zanzibar linahudumiwa vile vile likiwa Bara?

7. Msipoweza kufika, je, mnaturudishia fedha tukimtafuta fundi wenyewe? Kiasi gani, na kwa ushahidi gani?

Swali la 7 ndilo kubwa kuliko yote, nami nawaomba mliweke kichwani. Kwa mtu anayekwenda Dar es Salaam na kurudi, mkataba mzuri ni ule wenye gari la kuvuta lililo tayari. Kwa anayekwenda Kigoma, gari la kuvuta lililo tayari mjini halimfai kitu. Humfaa zaidi mkataba unaomruhusu kupiga simu, kupewa ruhusa, kumwita fundi wa Uvinza au lori lipitalo, kuchukua risiti, kisha kurudishiwa fedha. Kama tungekuwa nao, zile shilingi 420,000, au sehemu yake kubwa, zingekuwa zimerudi katika fungu la majamvi.

Na kwa wanaofikiria kuvuka mpaka wa Manyovu kwenda Burundi: Kadi ya Njano ya COMESA inatambuliwa huko, lakini kazi yake ni kumlipa mtu mliyemdhuru na kutibu waliomo garini. Haivuti gari wala tela.

Hati mkishaipata, thibitisheni namba ya stika katika mtandao wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Stika ya bandia haina nguvu kwa askari wala kwa fundi.

YALIYO MIKONONI MWETU

Bima haipaki grisi. Sababu ya msiba wetu ilikuwa uvivu wa bandani. Tela lililokaa miezi lifunguliwe magurudumu, beringi zisafishwe na kupakwa grisi, na seti moja ya beringi iwekwe katika sanduku la zana. Mpira wa akiba wa tela uwe wa saizi yake, maana wa motokaa huenda usiingie. Taa za nyuma zijaribiwe. Mnyororo wa usalama ufungwe chini ya kiungo. Mkisimama njiani, gusa kila habu kwa mgongo wa mkono. Iliyo moto kuliko wenzake inakupa habari mapema. Dawa za wagonjwa na maji ya kunywa yasikae ndani ya tela, yakae motokaani pamoja na watu. Na mzigo mzito ambao hauna haraka unaweza kupelekwa kwa reli, kwani Reli ya Kati ilifika Kigoma tangu mwaka 1914, na tela jepesi huharibika kwa nadra.

OMBI LANGU

Kamati inayo mikataba miwili mezani kwa ajili ya safari zijazo. Mmoja una ada ndogo, lakini unataja motokaa peke yake, na gari lake la kuvuta lina mpaka wa kilomita 50. Wa pili ada yake imezidi kwa karibu theluthi moja. Unaandika namba ya tela, na unarudisha gharama tukijisaidia wenyewe kwa ruhusa ya simu. Mwaka uliopita nilichagua wa namna ya kwanza, nikajisifu mkutanoni kwamba nimewaokolea fedha. Mlinipigia makofi. Makofi yale nayarudisha.

Nashauri tuchukue wa pili, na hati yake isomwe kwa sauti katika mkutano, hasa ukurasa wa mambo yasiyolipwa, kabla Katibu hajatia sahihi. Mwenye swali aulize hapo hapo. Sisi wakulima hatungoji wingu lianze kunyesha ndipo tuulize nani atakunja majamvi. Huwa tumekwisha kupangana asubuhi. Safari nayo ipangwe hivyo.

Wasalaam,

Katibu wenu