Asali, Chumvi na Karafuu kwa Vidonda vya Mdomoni
Vidonda vidogo vyeupe vyenye ukingo mwekundu, ambavyo hutokea ndani ya shavu au chini ya ulimi, kwa kawaida hupona vyenyewe katika siku 7 hadi 14, na ndiyo maana karibu kila dawa ya nyumbani husifiwa kwamba imeviponya. Asali ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, kwa kuwa wingi wa sukari yake hufyonza maji kutoka kwenye bakteria, na majaribio kwa wagonjwa wa saratani waliochubuka kinywa kwa tiba ya mionzi yameonyesha kwamba huweza kupunguza ukali wa vidonda. Hata hivyo, mtoto asiyetimiza mwaka 1 hapewi asali, kwani huenda ikawa na chembe za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli. Kusukutua kwa glasi ya maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi husafisha kidonda, ingawa kukisugua kwa chumvi kavu ni kujitesa bure. Karafuu, zao maarufu la Pemba, ina yujenoli, kemikali inayotia ganzi, lakini mafuta yake yasiyopunguzwa makali huunguza utando laini wa kinywa. Kidonda kinachozidi wiki 3 bila kupona kinapaswa kuchunguzwa hospitalini, kwani huweza kuwa dalili ya saratani.