Malmö, Mji Uliouza Winchi Yake

Kusini kabisa ya nchi ya Uswidi, katika Ulaya ya Kaskazini, uko mji wa Malmö. Mji huu uko kando ya bahari, mahali ambapo bahari ni nyembamba. Ng'ambo yake iko nchi ya Denmark.

Zamani Malmö ulikuwa mji wa Denmark. Watu wake walivua samaki waitwao heringi, wakawatia chumvi na kuwapanga katika mapipa. Wachuuzi wa Ujerumani waliwanunua, maana Wakristu wa Ulaya walikula samaki siku za kujinyima nyama. Mwaka wa 1658, baada ya vita, mfalme wa Denmark alilazimika kuutoa mji huo kwa Uswidi. Lakini maji ya ufukoni hayakuwa na kina, na meli kubwa hazikuweza kukaribia. Kwa hiyo mwaka wa 1775 mfanyabiashara Frans Suell alianza kujenga bandari.

Mwaka wa 1840 Frans Henrik Kockum alianzisha kiwanda cha kuyeyusha vyuma. Baadaye kiwanda hicho kilijenga meli, na maelfu ya watu walipata riziki humo. Mwaka wa 1974 kilikuwa na winchi mpya, ndiyo mashini ya kunyanyua vitu vizito. Urefu wake ulikuwa karibu mita 140, na iliweza kunyanyua tani 1,500! Mtu aliyekuwa mbali aliiona, akajua kwamba Malmö iko pale.

Lakini shida ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka wa 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda sana. Meli za kubebea mafuta zikakosa wanunuzi. Tena Japani na Korea ya Kusini walijenga meli kwa bei ndogo zaidi. Mwaka wa 1986 iliamuliwa kwamba Malmö iache kujenga meli za biashara. Wafanyakazi wengi, wenye ufundi wa miaka mingi, walirudi nyumbani bila kazi. Winchi ikabaki imesimama. Mwaka wa 2002 kampuni moja ya Korea iliinunua kwa dolari 1 tu, ikagharimia kuibomoa na kuisafirisha. Watu wa Malmö walitazama vipande vyake vikiondoka, na wengine walilia. Huko Korea inaitwa “Machozi ya Malmö”.

Je, mji ulikufa? Hapana. Wakubwa wa mji walitafuta njia nyingine. Mwaka wa 1998 shule ya masomo ya juu ilifunguliwa, na mwaka wa 2018 ikawa universite. Mwaka wa 2000 njia ya kuvuka bahari mpaka Denmark ilimalizika. Urefu wake ni karibu kilometa 16. Kwanza ni daraja: motokari hupita juu, treni hupita chini yake. Kisha ni kisiwa kilichotengenezwa na watu. Mwisho ni shimo refu chini ya bahari, ili meli na ndege zisizuiliwe na daraja.

Pale palipokuwa na kiwanda cha meli, udongo mchafu ulisafishwa na nyumba zikajengwa. Mojawapo ina urefu wa mita 190, nayo imejipinda kama mtu anayegeuka kutazama nyuma. Ilimalizika mwaka wa 2005.

Hata hivyo, si wote waliopata faida. Fundi wa kuunga vyuma hawezi kuwa mwalimu kwa siku moja, na mpaka leo wako watu wa Malmö wasio na kazi. Mji unaotegemea kazi moja ni kama nyumba yenye nguzo moja: nguzo ikianguka, wote wanaumia. Malmö imejifunza kusimamisha nguzo nyingi.

Maswali
1. Kwa nini Frans Suell alijenga bandari?
2. Ni mambo gani mawili yaliyoharibu kazi ya kujenga meli?
3. Kwa nini watu walilia winchi ilipoondoka?
4. Watu wa kwenu wanategemea kazi gani? Ikiisha, watafanya nini?